Kibao Chini ya Mwaloni

Nilikwenda bustanini kwa Rosamund Clavering kumuumbua, na nisingependa mtu adhani nilifuata jambo jingine. Nililipa kiingilio, nikapokea karatasi ya ramani kutoka kwa kasisi aliyekuwa kwenye meza ya tiketi, nikamwambia siku imekuwa njema. Moyoni nilikuwa na neno moja tu: kabla watu hawajaenda kunywa chai, ua la dada yangu Enid litakuwa limerudishiwa jina lake, na Rosamund atakuwa anatafuta pa kuficha uso.

"Njema kabisa, Bi Beddoes," kasisi akajibu huku akifuta miwani. Kulikuwa na manyunyu. Kwetu huku mpakani mwa Wales, Februari ambayo mvua yake haijafika kwenye ngozi ni siku njema.

Watu wa kwetu wana kiasi katika kila kitu mpaka ufike kwenye matone ya theluji. Ndivyo tunavyoyaita yale maua madogo meupe yanayochomoza wakati kila kitu kingine bado kimelala, yakiwa yameinamisha vichwa. Ukiyatazama harakaharaka yote ni mamoja. Ukipiga magoti kwenye tope na kulipindua ua kwa kidole, utaona ndani alama ya kijani isiyozidi punje ya dengu, na kwa ajili ya alama hiyo nimeona mawakili wastaafu wakitukanana kanisani. Anayegundua ua lenye alama ambayo haijapata kuonekana hulipatia jina, na jina hilo hubaki hata yeye mwenyewe akishaoza.

Enid aligundua moja. Dada yangu hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, alikuwa na kifua kibovu na nyumba ndogo mwisho wa njia ya tope, na miti michache nyuma yake. Alikuwa anajua kila kilichoota chini ya miti ile. Na kama walivyo wote wenye wazimu huu, alipopata kitu kizuri alimpa mwenzake kipande akitunze, ili panya au baridi ikila la kwake lisipotee duniani. Mwenzake alikuwa Rosamund, jirani wa upande wa pili wa kilima, mwenye msitu wake binafsi na shamba la kuzidi.

Enid akafa. Wenye nyumba wapya wakang'oa miti na kumwaga zege ili magari yao mawili yapate pa kulala. Na mwaka uliofuata nikafungua gazeti la bustani nikiwa kwa daktari wa meno, nikamwona Rosamund kapiga picha, kachuchumaa kwenye majani makavu na kofia yake ya manyoya, ameshika ua la dada yangu kwa vidole viwili. Chini wameandika kwamba ua hilo lilijiotea lenyewe msituni kwake, na kwamba linaitwa Fahari ya Clavering. Nililijua kwa sababu siku ya mazishi niliona Enid amelichora kwa penseli ukutani jikoni, ukuta ambao wale wapya walishaupaka rangi. Nilichana ukurasa ule, daktari akanitazama, nikamtazama.

Miaka minne nilikaa na hasira hiyo bila kuwa na la kuifanyia. Ni neno langu dhidi yake, na mimi sijui maua. Kisha vuli iliyopita nikafungua sanduku la mwisho la vitu vya Enid na kukuta daftari lake la bustani. Ameandika kwa penseli: "Nimempa Rosamund lile jipya la chini ya mti wa kisima, anitunzie. Liko kwenye kikapu chake, kibao chini kama kawaida." Basi. Jina hakuliandika.

Lakini kibao nakijua. Ndege weusi wa kwetu wana tabia ya kung'oa vibao vya majina na kuvitupa, na Enid alikuwa anawachukia kwa hilo kuliko alivyomchukia mtu yeyote. Kwa hiyo kila ua alilolithamini alilipanda kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, na kabla ya kuweka udongo alitandika chini kipande cha bati alichokwaruza jina kwa msumari. Vipande hivyo nilimkatia mimi, kutoka kwenye makopo ya biskuti. Hakuna mwingine aliyejua. Na Rosamund, nilivyomjua, alikuwa amekizika kikapu kile kizima kizima alivyopewa.

Nilichotaka ni kimoja: akichimbue kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu.

Bustani yake, nisimpunje, ni nzuri. Imekaa nyuma ya nyumba, ekari tatu za mialoni na miti ya magome meupe, na hakuna mstari ulionyooka popote. Njia zinajipindia kati ya kangaga kana kwamba zimefunguliwa na swala. Magogo yameachwa yaoze, uyoga umeota juu yake. Rosamund hujisifu kwamba pale hapajaguswa na mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba kwa miaka ishirini hajafanya kingine ila kupagusa, ili paonekane hapajaguswa. Gogo kubwa la karibu na kijito lililetwa kwa trekta. Niliiona siku hiyo, imekwama njiani na yeye anamfokea dereva.

Siku hiyo ya wageni chini ya miti kulikuwa kweupe. Maelfu na maelfu. Watu walikuwa wanatembea na gambuti zao polepole na kuongea kwa kunong'ona, utadhani wako msibani. Nikamkuta mwenyewe penye njia panda, mrefu, shingo juu, mikono nyuma.

"Thirza Beddoes!" akasema. "Jamani, jamani. Wewe na bustani wapi na wapi?"

"Nimekuja kutembea. Au na mimi kutazama tu maua nahitaji barua?"

"Hata! Karibu. Chai iko kwenye banda, keki ya karoti nimeoka mwenyewe." Akanishika kiwiko. "Umekonda, shoga."

"Wewe hujakonda."

Akacheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi kwa Rosamund, huwezi kumchoma kwa sindano ndogo. "Saa tisa usikose," akasema. "Ninatoa tunguu moja la Fahari kwa mwenye tiketi ya bahati. Bwana Tugwell yupo. Watu wametoka mpaka Birmingham."

"Sitakosa," nikamwambia, na hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema siku ile.

Nikaenda kuliona. Fungu mama lilikuwa chini ya mwaloni mkubwa kuliko yote, limezungushiwa vijiti vya kusukwa, na kwenye njia mafungu madogo yaliyozaliwa nalo, kila moja na kibao chake cheusi: Fahari ya Clavering, Fahari ya Clavering, Fahari ya Clavering. Nilihesabu vibao arobaini na kimoja. Kisha nikapiga magoti, magoti yangu yakalia, nikalipindua ua moja. Nukta mbili za kijani, na chini yake upinde uliopinda kuelekea chini. Rosamund ameandika kwenye karatasi ya ramani kwamba upinde ule ni mfano wa daraja. Daraja! Mtoto wa miaka mitatu angekuambia ni uso wa mtu aliyenuna. Macho mawili na mdomo. Nilimwona moyoni Enid alivyocheka alipolipindua mara ya kwanza, na kifua chake kile, mpaka akalazimika kushika mti. Nikajifuta macho kwa glovu yenye tope, nikawa na tope usoni.

Saa tisa watu kama hamsini walikusanyika. Bwana Tugwell alikaa kwenye kiti cha kukunja. Ni mzee wa chama cha matone ya theluji cha wilaya yetu, ndiye anayetunza orodha ya majina. Jina likiwa kwenye orodha yake ni jina, lisipokuwapo ni uvumi. Macho yake yamekwisha. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, na yeye mwenyewe angekufa kabla ya kukiri.

Kasisi akachomoa tiketi. Aliyeshinda alikuwa mwanamke wa kofia nyekundu, na alipiga kelele za furaha zilizofukuza ndege. Rosamund akachukua uma wa bustani, akainama kwenye fungu dogo la kando ya njia, maana maua haya huhamishwa majani yakiwa bado mabichi, akachomoa tunguu moja na ua lake na kuliinua juu ili lionekane.

Hapo nikasogea.

"Rosamund, mpenzi," nikasema kwa sauti ya kuimbia kanisani, "hilo ndilo lenyewe?"

"Lenyewe lipi?"

"Fahari. Mimi si mtaalamu, mnisamehe. Lakini mbona mdomo, samahani, mbona daraja lake limenyooka? La fungu mama limepinda. Hili naona kama mtoto wa mbegu."

Vichwa vyote vikageuka. Lazima muelewe. Tunguu likigawanyika huzaa nafsi yake ileile, lakini mara moja moja ua huangusha mbegu, na mtoto wa mbegu hufanana na mama bila kuwa mama. Kumpa mtu mtoto wa mbegu kwa jina la mama, kwetu, ni jambo ambalo mtu akitajwa nalo mara moja hutajwa nalo mpaka kaburini. Mwanamke wa kijiji cha jirani alimkimbia mumewe akaenda na mpiga kinanda wa kanisa, akasamehewa, sasa ndiye anayepanga maua ya madhabahuni. Ndugu mmoja aligawa watoto wa mbegu miaka thelathini iliyopita, na hadi leo hakuna anayempa hata kangaga.

Nilikuwa nimesema uongo. Daraja lilikuwa limepinda vizuri tu.

"Upuuzi," akasema Rosamund, lakini shingo ilikuwa imeshika rangi. "Bwana Tugwell, hebu tazama."

Bwana Tugwell akatoa kioo chake cha kukuzia, akaliweka ua karibu na pua. Akatazama. Akalizungusha. Akatazama tena. Nilijua haoni hata kama ni ua au ni kijiko, na nilijua vilevile kwamba hatasema hivyo mbele ya watu hamsini.

"Mmm," akasema hatimaye. "Kuna... kuna ulegevu."

Minong'ono ikaenea. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ulegevu, umesikia?"

"Mimi nataka la kweli," mwanamke wa kofia nyekundu akasema. "Nimetoka Birmingham."

"Ni la kweli!"

"Basi si utoe kwenye fungu mama?" nikasema. "Neno liishe. Au kuna tatizo?"

"Fungu mama haliguswi. Halijaguswa tangu siku nilipoliweka hapo. Lilivyokuja na kikapu chake ndivyo lilivyoingia ardhini."

"Lilikuja?" Bwana Tugwell akainua kichwa, macho yamekwisha lakini masikio hayajambo. "Kwenye gazeti ulisema lilijiotea hapa."

Rosamund akaushika uma tena. "Lilitoka kwa rafiki," akasema, kisha haraka, kabla mtu hajauliza rafiki gani, akaondoa vijiti vya kusukwa na kupiga uma chini. Alichimba kwa hasira. Hiyo ndiyo hasira niliyokuwa nimeipika kama supu kwa miezi minne, na nilisimama pale naitazama ikichemka, na sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikasikia joto miguuni.

Udongo ukaachia. Kikapu kikatoka, cheusi, kimepasuka upande, mizizi myeupe imetokeza kwenye kila tundu. Rosamund akakilaza kwenye majani makavu, akaanza kutenganisha matunguu kwa vidole. Nikapiga magoti karibu naye.

"Acha nikusaidie kushika," nikasema, nikaingiza mkono chini kabisa. Vidole vyangu vikagusa ubaridi mwembamba, na ncha kali ambayo mimi mwenyewe niliikata kwa mkasi wa bati jikoni kwa Enid. Nikakitoa. Kilikuwa kimegandwa na udongo upande mmoja. Sikukifuta wala sikukisoma. Nilitaka kisomwe na mdomo usio wangu, asije mtu akasema kesho kwamba nilikichomeka.

"Kumbe kuna kitu chini," nikasema, nikamkabidhi Bwana Tugwell. "Hebu tusomee, mzee wetu."

Bwana Tugwell akakifuta na kitambaa, akakiweka karibu na pua, akakohoa, akampa mwanamke wa kofia nyekundu. "Soma wewe, mama. Sauti yangu leo haitoki."

Nikasimama. Nilikuwa nimelitayarisha neno la kusema litakapotajwa jina la Enid. Nililitayarisha kwenye basi, nililisema mbele ya kioo. Rosamund alikuwa bado kachuchumaa, na usoni kwake niliona ameshaelewa.

"Thirza," akasoma yule mwanamke. Akakigeuza kwenye mwanga. "Thirza Kanuna."

"Soma vizuri," nikasema.

"Ndivyo kilivyoandikwa. Thirza Kanuna. Enid Beddoes ameliona. Tarehe tisa Februari." Akataja na mwaka.

"Thirza ni nani?" mtu akauliza, na kasisi, ambaye ni mtu mwema na kwa hiyo hana akili ya kunyamaza, akaninyooshea kidole. "Ni Bi Beddoes huyu hapa!"

Watu wakanitazama. Wakalitazama ua. Wakanitazama tena, na tope langu usoni na mdomo wangu nilivyoukunja, na kicheko kikaanza kwa mmoja, kikashika wote. Hawakucheka kwa ubaya. Hata Bwana Tugwell alikuwa anatikisika kwenye kiti chake.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye tarehe. Tarehe tisa Februari ya mwaka ule nilikuwa kwa Enid. Nilikwenda kumwambia aache nyumba ile yenye unyevu aje akae nami mjini, kifua chake hakitavumilia baridi nyingine. Akasema hawezi kuyaacha maua yake. Nikamwambia, "Basi maua yako yakuzike." Nikatoka, nikapiga lango mpaka komeo likakatika. Majira mawili ya baridi sikwenda. Krismasi tulitumiana kadi zenye sahihi tu. Kisha nikapigiwa simu Machi kwamba amekufa. Kumbe siku ileile, nikiwa kwenye basi nimenuna, yeye alitoka akaenda chini ya miti yake, akainama, na akanikuta huko.

Sikulia. Nilikuwa nimekuja kwa kazi.

"Bwana Tugwell," nikasema, "sheria ya chama inasemaje?"

Kicheko kikapungua. Mzee akajinyoosha. "Jina la kwanza lililotolewa na aliyegundua ndilo jina. Hakuna mjadala. Fahari ya Clavering nitaifuta kesho."

Rosamund akainuka. Magoti yake yalikuwa na tope, na kofia imekwenda upande. Alisema polepole, kwangu tu, ingawa wote walisikia. "Majira yale mawili nilimpelekea supu kila Jumanne. Nilimchanjia kuni."

"Na ua lake ukaliita kwa jina lako."

"Sikulijua jina. Alikuwa..." Akaiweka kofia yake sawa.

"Alikuwa nini? Hakukuambia? Si ungeuliza?"

Alinitazama kwa namna ambayo wakati ule niliihesabu kuwa ni aibu.

Nikamwambia anachotakiwa kufanya. Vibao arobaini na kimoja, vyote, leo, kwa penseli, kwa mkono wake. Watu walikuwa wanakunywa chai kwenye banda na kula keki yake ya karoti, na yeye amekaa mwisho wa meza hiyohiyo anaandika, Thirza Kanuna, Thirza Kanuna, na mimi nimekaa mbele yake nimekunja mikono. Kila aliyepita aliomba kuona. Nilikula vipande viwili. Keki ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilinikera.

Alipomaliza akasukuma kikapu kuelekea kwangu. "Chukua. Ni lako na la dada yako. Lipeleke kwako likae salama."

Hapo nilikuwa nimemshika kooni, na sikuwa na nia ya kulegeza. "Hapana," nikasema. "Lirudishe chini ya mwaloni wako. Kila Februari, watu wakija kutoka Birmingham na kokote wakakuuliza huyu Thirza ni nani na amenunia nini, utasimama hapo na kuwaambia. Kila mwaka, mpaka ufe."

"Niwaambie nini?"

"Yote."

"Yote, Thirza?" Aliweka penseli chini. "Una hakika?"

"Usiache hata moja."

Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kibao cha bati, nikakifunga kwenye leso, nikaenda kupanda basi, na nilipofika nyumbani nikajimiminia glasi mbili za mvinyo wa sheri na kulala usingizi mnono.

Mwaka mzima nilijilamba kwa utamu wake. Dukani watu waliniita Kanuna, nami nikaitika. Na Februari ilipofika nikajifunga skafu, nikalipa kiingilio, nikaenda kukaa kwenye gogo lile la trekta, nyuma ya kangaga, hatua chache kutoka kwenye mwaloni. Nilitaka kumsikia akisema. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kuliko Krismasi.

Likaja kundi la watu sita saba. Rosamund alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Msichana mmoja aliyevaa koti la mvua la manjano akalipindua ua, akacheka. "Kweli amenuna! Thirza ni nani?"

"Ni mdogo wa yule aliyeligundua," Rosamund akasema, bila kuinua sauti. "Mimi niliiba jina. Nililiita kwa jina langu nikawadanganya watu wa gazeti kwamba lilijiotea hapa. Huyo mdogo mtu akaja akaniumbua mahali hapa mliposimama, na nilistahili."

Nikatabasamu kule kwenye kangaga.

"Alikuwa amenunia nini?" msichana akauliza.

"Alitaka dada yake ahame, dada hakutaka. Akamwambia maua yako yakuzike, akaondoka na hakurudi. Siku hiyo ndiyo Enid aliliona ua hili. Aliponipa nilimuuliza linaitwaje. Akasema hilo hamwambii mtu mpaka mwenyewe aje alione, anajua atacheka, na akicheka yatakuwa yameisha. Nilikuwa nampelekea supu Jumanne. Lango lake lilikuwa bovu, komeo limekatika, upepo ukivuma linalia. Kila likilia alikuwa anainuka kitandani kutazama dirishani. Nikamwambia acha nikuitie fundi alitengeneze. Akakataa, akasema likitengenezwa hatamsikia akija."

Nilitaka kuinuka nipige kelele kwamba ni uongo. Nilitafuta ndani ya maneno yake pa kushika, hata neno moja, na sikulipata. Komeo nililikata mimi.

"Akaja?" msichana akauliza. "Huyo Thirza?"

Rosamund alikuwa ameshaniona, sijui tangu lini. Alinitazama juu ya vichwa vyao, na usoni kwake hapakuwa na furaha yoyote.

"Alikuja," akasema. "Mwaka jana. Alilipa kiingilio kama wengine."

Watu wakatikisa vichwa, wakaondoka kuelekea kwenye chai. Wakaja wengine, mwanamume na mke wake na binti, wakalipindua ua, wakacheka, wakauliza. Rosamund akaanza tena tangu mwanzo, hakuacha hata moja, na mimi nilikaa pale pale kwenye gogo nikasikiliza mpaka bustani ilipofungwa.